Samaki wa Jina Moja, Matangi Tofauti

Kila mwaka ikifika Aprili, bei ya omena Nairobi hupanda, na ubishi nao hupanda. Sababu si siri: upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, uvuvi wa omena kwa kawaida hufungwa kati ya Aprili na Julai ili samaki hao wadogo wapate nafasi ya kuzaana. Nimeusikia ubishi huo kwenye matatu, kwa kinyozi, na mara nyingi zaidi Gikomba nikisubiri kupimiwa gorogoro yangu. Mmoja atasema, "Sisi tunafunga, jirani anavua. Samaki hana kitambulisho, akitaka anavuka. Tunafunga kwa faida ya nani?" Mwingine atamjibu, "Omena wetu wanazaliwa huku kwetu kwenye ghuba. Tukiwapumzisha, watakaofaidi ni sisi."

Ukiwasikiliza vizuri utaona wanabishania jambo ambalo hakuna kati yao aliyelitaja: omena wa huku na omena wa kule ni kundi moja au ni makundi mbalimbali? Mpaka uliochorwa kwenye ramani haujibu swali hilo. Jibu limo ndani ya samaki mwenyewe: umbo lake, mifupa yake, vijiwe vilivyo kichwani mwake, minyoo iliyo tumboni mwake, na umri anaoanzia kuzaa.

Tuanze na maneno mawili. Spishi, kwa lugha nyepesi, ni aina ya kiumbe: mbuta ni spishi moja, kamongo ni nyingine. Neno la pili ni stoki, na kila mwenye kioski analijua. Ni mali iliyo kwenye rafu, inayopungua ukiuza na kuongezeka ukileta nyingine. Kwa samaki, stoki ni kundi la spishi moja linalozaana zaidi lenyewe kwa lenyewe, kiasi kwamba ukilivua, pengo linajazwa na watoto wa kundi hilo wala si na wageni kutoka kwingine. Spishi moja inaweza kuwa na stoki moja tu, au kumi.

Kwa nini tujali? Fikiria ploti ya Kayole au Pipeline yenye matangi mawili meusi juu ya paa, kila moja la lita 5,000. Msimamizi wa ploti anajumlisha: tuna lita 10,000. Kama matangi yameunganishwa kwa bomba nene, hesabu yake ina maana, kwa sababu maji yakipungua hapa yatajazwa na ya pale. Lakini kama hayajaunganishwa, na wapangaji wengi wako upande wa tangi la kwanza, tangi hilo litakauka Alhamisi huku daftari la msimamizi likionyesha kwamba nusu ya maji bado ipo. Hesabu ni sahihi, na watu hawana maji.

Kuna kosa la upande wa pili pia. Matangi yameunganishwa, ila ploti ina wasimamizi wawili wasiosemezana, kila mmoja akiamini ana lita zake 5,000 na hana wa kumuuliza. Uvuvi umeumizwa na makosa yote mawili. Mahali pengine makundi tofauti yalihesabiwa kama moja, na lile dhaifu likaisha bila mtu kushtuka. Mahali pengine kundi moja liligawanywa kwa mipaka ya watu, kila nchi ikachota kana kwamba ni lake peke yake.

Jina la samaki halitusaidii hapa. Omena wa Kenya ndiye dagaa wa Tanzania na mukene wa Uganda: majina matatu, spishi moja. Ngege ni kinyume chake. Mzee wa Nyanza aliyekula ngege miaka ya 1940 alikula Oreochromis esculentus, samaki wa asili wa ziwa hilo. Ngege anayeletwa mezani Nairobi leo kwa kawaida ni tilapia wa Nile, aliyeingizwa ziwani miaka ya 1950. Jina limebaki, samaki amebadilika. Ngege yule wa zamani alikaribia kutoweka kabisa katika ziwa kuu, akasalimika kwenye maziwa madogo ya pembeni kama Kanyaboli kule Siaya. Mtu anayejumlisha wote kwa jina la tilapia anaweza kufurahia jumla yake wakati mmoja wao anazimika.

Njia ya kwanza ya kutambua makundi ni ile ambayo kila mchuuzi huitumia kwa macho: umbo. Mama ninayenunua kwake samaki husema anawajua wa Turkana hata kabla hajaambiwa wametoka wapi. Simpingi, jicho la miaka mingi lina elimu yake. Mtafiti hufanya vivyo hivyo, ila anapima: urefu wa kichwa, kimo cha mwili, upana wa jicho, umbali kutoka pezi moja hadi jingine. Hapimi samaki mmoja, anapima makumi kutoka kila mahali, kisha analinganisha uwiano badala ya urefu mtupu. Mtoto ana kichwa kikubwa kwa mwili wake, na samaki mchanga ni hivyohivyo. Ukilinganisha wadogo wa Mbita na wakubwa wa Mwanza, utagundua tofauti ya umri ukadhani ni tofauti ya kundi.

Hapa ndipo watu wengi huteleza, kwa kuamini kwamba wanaoonekana tofauti lazima wawe wa asili tofauti. Chukua vifaranga wa tilapia wa mama mmoja, nusu uwaweke kwenye bwawa lililosongamana na nusu kwenye bwawa lenye nafasi na chakula. Wa bwawa la kwanza watadumaa na kuanza kuzaa wakiwa wadogo kama kiganja. Ni ndugu, tofauti ni malezi.

Basi umbo halina faida? Lina faida kubwa, mradi tuelewe linachotuambia. Samaki waliolelewa katika maji tofauti na kubaki na alama za malezi hayo wanatuonyesha kwamba hawakuchanganyika sana walipokuwa wakikua. Kwa anayesimamia uvuvi, hiyo tayari ni habari nzito, hata kama damu yao ni moja.

Njia ya pili ni kuhesabu badala ya kupima. Mkazi wa Nairobi anayenunua mgongo wazi, yale mabaki ya mbuta baada ya minofu kuondolewa, amelishika mkononi jambo linalohesabiwa: pingili za uti wa mgongo. Huhesabiwa pia miiba ya mapezi na magamba ya mstari wa ubavuni. Uzuri wa hesabu hizi ni kwamba huamuliwa mapema, samaki akiwa kiinitete au kifaranga, na hazibadiliki akinenepa au akikonda. Joto la maji siku hizo za mwanzo lina mkono wake: kwa jumla, spishi moja ikikulia maji baridi zaidi hupata pingili nyingi zaidi.

Kazi hii ina umri wa zaidi ya karne moja. Huko Ulaya watu waliwahi kuamini kwamba heringi, jamaa wa dagaa wa baharini, ni jeshi moja kubwa linaloteremka kila mwaka kutoka bahari za barafu za kaskazini. Mwaka 1898 Mjerumani Friedrich Heincke alichapisha vipimo na hesabu za maelfu ya heringi, akaonyesha kwamba kuna makundi mbalimbali, kila moja na mahali pake na majira yake ya kutaga. Jeshi moja lilikuwa vikosi vingi.

Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, alileta jibu la kinyume. Mdenishi Johannes Schmidt, mwanzoni mwa karne ya 20, alihesabu pingili za mikunga kutoka sehemu nyingi za Ulaya akakuta wastani uleule kila alikokwenda. Mkunga wa Ulaya ana pingili kati ya 110 na 119, wa Marekani kati ya 103 na 111. Wa Ulaya wote, wawe wametoka Iceland au Misri, walikuwa watu wa nyumba moja, na hatimaye Schmidt alifuata viluwiluwi wao hadi Bahari ya Sargasso katika Atlantiki. Tazama pia jinsi hesabu hizo mbili zinavyokanyagana kidogo. Ukiletewa mkunga mmoja mwenye pingili 110, huwezi kusema ni wa wapi. Ukiletewa mia, wastani wao utasema. Alama hizi hutambulisha kundi na mara chache humtambulisha samaki mmoja mmoja.

Njia ninayoipenda kuliko zote unaweza kuionja jikoni kwako. Siku nyingine ukichemsha kichwa cha samaki, usikitupe ukimaliza. Kifungue kwa nyuma ya macho, chini ya ubongo, upekue polepole kwa ncha ya kisu. Utakuta vijiwe viwili vyeupe, vigumu, vikubwa kuliko punje ya mchele kama samaki alikuwa wa kutosha, vyenye kingo zilizochongoka kama jani. Hivyo ni vijiwe vya sikio. Samaki huvitumia kusikia na kujua juu ni wapi na chini ni wapi. (Viko jozi tatu, lakini hii ndiyo utakayoiona kwa urahisi.)

Kijiwe hicho hukua maisha yote ya samaki kwa kuongeza tabaka juu ya tabaka, na kilichokwisha kujengwa hakibomolewi. Ukikikata ukakiangalia kwa hadubini unaona pete, kama za shina la mti. Katika nchi za baridi pete za mwaka huonekana wazi kwa sababu ukuaji hupungua majira ya baridi. Huku kwetu kwenye joto mwaka mzima, pete ni ngumu zaidi kusoma, na msomaji hutegemea alama za mvua na kiangazi, au pete nyembamba za kila siku kwa samaki wachanga.

Wanorwe wamekitumia kijiwe hiki kwa namna inayogusa fungu la kila mvuvi wao. Wana chewa wa Atlantiki, ambaye si chewa wa pwani yetu, na wanaye wa makundi mawili. Mmoja, skrei, huishi Bahari ya Barents na kuja pwani ya Norwe majira ya baridi kutaga. Wa pili ni mkazi wa pwani na ghuba zake. Wakikutana Lofoten huingia wavu mmoja, na kwa macho ya kawaida ni ndugu. Miaka ya 1930 mtafiti Gustav Rollefsen alionyesha kwamba pete za mwanzo kabisa za kijiwe hutofautiana: za mkazi wa pwani ni ndogo na za mviringo zaidi. Hadi leo vijiwe husomwa ili ijulikane ni wangapi kati ya waliovuliwa ni wakazi, kwa sababu kundi la wakazi ni dogo zaidi na limekuwa dhaifu kwa miaka mingi. Bila kijiwe, wingi wa skrei ungeficha upungufu wa mwenzake, kama daftari la yule msimamizi wa ploti.

Kijiwe huhifadhi pia ladha ya maji. Kenya tunao mfano wa karibu sana: meno. Mtoto aliyekulia sehemu ambazo maji ya kisima yana floridi nyingi, kama baadhi ya maeneo ya Bonde la Ufa, huota meno yenye madoa ya kahawia. Akihamia Nairobi ukubwani akanywa maji mengine miaka 30, madoa yako palepale, kwa kuwa yaliingia jino likijengwa. Kijiwe cha samaki hunasa hivyohivyo madini ya maji aliyokulia, strontiamu na bariamu miongoni mwao, na tabaka la katikati kabisa husema alizaliwa wapi.

Halafu kuna minyoo, ushahidi ambao wengi hawautarajii. Anayeosha omena wabichi huenda amewahi kumkuta mmoja mwenye tumbo lililofura, akilibonyeza unatoka mnyoo mweupe bapa kama utepe. Huyo ni Ligula. Huanzia kwa viduduchembe vya majini, huingia kwa omena anayevila, na kukomaa tumboni mwa ndege anayekula omena huyo. Sasa, tuseme omena wa upande mmoja wa ziwa wana mnyoo huyu kwa wingi na wa upande wa pili hawana kabisa, nao wamevuliwa mwezi mmoja wakiwa na ukubwa mmoja. Kama wangekuwa wanachanganyika kila siku, wagonjwa wangeonekana pande zote. Mnyoo amegeuka muhuri. Ili muhuri huo uaminike, lazima mnyoo adumu mwilini muda mrefu, na asimuue mwenyeji wake haraka, la sivyo tutahesabu waliopona tu.

Kipengele kingine ni mwendo wa maisha: kasi ya kukua, urefu anaoanzia kuzaa, mwezi wa kutaga. Hiki ndicho kinachoingia moja kwa moja kwenye sheria. Kanuni iliyowekwa kwa mbuta wa Ziwa Victoria ilikuwa avuliwe akiwa kati ya sentimita 50 na 85. Chini ya hapo wengi hawajazaa, na juu ya hapo ndiko waliko mama wakubwa wenye mayai mengi. Kanuni ya namna hiyo hufaa pale samaki wote wanapokomaa kwa kipimo kimoja. Yakiwepo makundi mawili, moja likikomaa likiwa fupi na lingine likiwa refu, kanuni ileile italilinda moja na kuliacha lingine livuliwe kabla halijazaa. Uvuvi mkali wenyewe huweza kusukuma samaki waanze kuzaa wakiwa wadogo, kwa hiyo anayesoma alama hii lazima ajiulize kama anaona asili ya kundi au makovu yake.

Najua swali linalokuja: siku hizi kuna kipimo cha DNA, yaani vinasaba, mambo ya kuhesabu pingili ni ya nini? DNA ina nguvu, na Kenya ina mfano mzuri. Karibu na Ziwa Bogoria kuna kinamasi cha Loboi chenye chemchemi za maji ya moto, na ndani yake tilapia wa Nile. Mwaka 2009 watafiti, akiwemo Dorothy Nyingi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walichapisha kazi iliyoonyesha kwa vinasaba kwamba hao ni kundi la asili la peke yake, tofauti na jirani zao wa Ziwa Baringo. Bila vinasaba, mtu angeweza kudhani ni samaki waliomwagwa hapo na mfugaji fulani.

Lakini DNA ikisema "hawa ni wamoja", usikimbilie kuamini kwamba ni stoki moja. Rudi kwenye paa. Tuseme matangi yale yameunganishwa na kimpira chembamba kinachodondosha tone moja moja. Miaka ikipita, matone hayo yanatosha kufanya maji ya matangi yote mawili yawe na ladha moja. Hayatoshi hata kidogo kulijaza tangi lililokauka kufikia kesho asubuhi. Kwa samaki, wahamiaji wachache tu kila kizazi wanatosha kufuta tofauti ya vinasaba. Wahamiaji hao wachache hawawezi kufidia maelfu waliobebwa na nyavu. Vinasaba husimulia vizazi vingi vilivyopita, kijiwe cha sikio husimulia maisha ya samaki huyu mmoja, na mnyoo husimulia miezi ya karibuni. Ndiyo maana mtafiti makini huviweka mezani vyote, na vikipingana hafichi kimojawapo, anauliza kila kimoja kinazungumzia wakati gani.

Ramani nazo zimewahi kuumbuliwa na vijiwe. Jodari wakubwa wa Atlantiki wamesimamiwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa mstari uliochorwa baharini kwenye longitudo ya nyuzi 45 magharibi: wa mashariki huku, wa magharibi kule. Kemia ya vijiwe ilipopimwa, jodari wengi waliovuliwa upande wa Marekani walionekana kuwa wazaliwa wa Mediterania. Wanazaa mbali mbali, wanakula pamoja, na mstari hawaujui.

Ziwa Victoria halina mstari wa samaki, lina mipaka ya nchi tatu, na Kenya ina asilimia 6 hivi tu ya ziwa hilo. Shirika la pamoja la uvuvi wa ziwa, lenye makao Jinja, liliundwa mwaka 1994 kwa sababu hiyo. Lakini upande wetu una umbo lake. Ghuba ya Winam huungana na ziwa kuu kwa mlango mwembamba wa Rusinga, na mlango mdogo wa Mbita uliwahi kuzibwa kwa barabara ya kifusi kwa miaka mingi kabla daraja halijajengwa. Hilo ni bomba kati ya matangi, nene au jembamba kutegemea samaki anayezungumziwa: mbuta mwenye nguvu ya kusafiri, au omena wa urefu wa kidole. Kwa hiyo wale wawili wa Gikomba wanaweza wakawa sahihi wote, kila mmoja kwa samaki wake.

Wiki iliyopita nilimpelekea yule mama wa samaki vijiwe viwili nilivyovitoa kwenye kichwa alichoniuzia. Alivigeuza kwenye kiganja, akavipeleka kwenye mwanga.

"Miaka yote hii nauza vichwa, sijawahi kuviona. Na hawa wa Turkana nao wanavyo?"

"Wanavyo, mama."

Akainama kwenye fungu la pili, akachagua mmoja mwenye kichwa kikubwa, akamfunga kwenye gazeti.

"Haya, nenda ukalinganishe, mwanangu. Ukija Jumamosi uje navyo vyote vinne."